Bango Linapomsemea Mzazi: Utangulizi

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 vijana wa Tanzania walizoea kukutana na maneno manne ya kampeni ya Ishi dhidi ya UKIMWI: Usione soo, sema naye. "Soo" ni neno la kijiweni. Ofisa wa afya haliandiki kwenye barua ya kikazi, na mwalimu akilikuta kwenye insha hulikata kwa wino mwekundu. Lakini ndilo lililokuwa ulimini mwa kijana alipotaka kueleza ile aibu ya kuanza jambo halafu watu wote wakakugeuzia shingo. Kampeni ilimlenga kijana na mpenzi wake: waambizane kusubiri, au kutumia kondomu. Ila Kiswahili kina ukarimu wake. "Naye" haisemi ni mwanamume au mwanamke, wala haisemi ni mpenzi au mwana. Mama anayesubiri daladala chini ya maneno hayo, binti yake ubavuni, aweza kabisa kuyasoma kuwa ameambiwa yeye.

Kila ninapopokea wanafunzi wapya wa somo hili la mabango ya afya huanzia hapo, kwenye hiyo "naye". Watu hudhani bango la afya ni karatasi ya kutoa taarifa: VVU vinaambukizwa hivi, vinazuiwa hivi, nenda kapime. Yapo mabango ya namna hiyo na yana kazi yake. Ila lile linalohimiza familia kuzungumza lina kazi nyingine, na ndiyo iliyonivuta nikabaki kwenye uwanja huu. Linamsemea mzazi. Linatamka hadharani neno ambalo yeye hakupewa ruhusa ya kulianzisha, ili akifika nyumbani aweze kusema: umeona kile walichoandika pale zahanati? Bango zuri ni lile linalompa mtu sababu ya kufungua mdomo. Mengine yote nitakayokueleza yanatoka kwenye hilo.

Karibu, basi. Huhitaji kuwa daktari, wala mchoraji. Ukijua kusoma picha kwa subira, ukakijua Kiswahili cha nyumbani pamoja na cha ofisini, na ukawa tayari kukaa kwenye benchi la kliniki kwa saa tatu bila haraka, una vifaa vya kuanzia.

Historia nitaipita kwa ufupi, kwa kuwa imeandikwa vizuri kwingine. Wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI Tanzania walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983, na kufikia 1986 mikoa yote ya Bara ilikuwa imetoa taarifa za wagonjwa. Kabla wizara haijapata jina, watu wa Kagera walikuwa wameshalipata: Juliana, jina la nguo za kuvutia zilizoletwa na wafanyabiashara wa magendo kutoka ng'ambo ya mpaka. Ng'ambo hiyo, Uganda, waliuita kwa Kiingereza Slim, kwa jinsi mgonjwa alivyokonda. Kisha likaja UKIMWI, ambalo Tanzania hufafanuliwa kuwa ni upungufu wa kinga mwilini, na Kenya ukosefu wa kinga mwilini. Mtaani vijana walilichukua lile la Kiingereza, AIDS, wakazifanyia herufi zake maana yao: Acha Iniue Dogodogo Siachi. Sikuandikii hili kukuchekesha. Ni ushahidi kwamba kampeni ilikuwa inajibiwa. Watu walisoma mabango, wakayajibu kwa lugha yao, na jibu lao lilikuwa la mtu aliyechoka kutishwa.

Kwani mabango ya mwanzo yalitisha kweli. Fuvu, jeneza, mwili uliobaki mifupa, na maneno ya kusema UKIMWI unaua. Walioyachora walikuwa na dharura mkononi: utafiti wa mwaka 1987 mjini Bukoba ulikuta takriban asilimia 24 ya watu wazima wana maambukizi. Siwalaumu. Lakini bango la fuvu haliwezi kujadiliwa mezani. Mtoto akiuliza, mzazi hujibu: ndiyo, unaua, kaa mbali. Mazungumzo yameisha. Isitoshe, fuvu lilimfundisha mtazamaji kwamba ugonjwa una sura, na asiye na sura hiyo hana ugonjwa. Tulilipa gharama kubwa kwa somo hilo. Bukoba yenyewe kiwango kilishuka hadi karibu asilimia 13 mwaka 1996, na waliochunguza mteremko huo hawakuishia kwenye karatasi za ukutani. Walitazama misiba ambayo kila nyumba iliishuhudia, na jinsi watu walivyobadilisha mwenendo.

Sasa tuingie nyumbani.

Methali yetu inasema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, na waandaaji wa kampeni huipenda sana. Wanaisoma kana kwamba mama ni mmoja, yule aliyezaa. Katika Kiswahili cha ukoo mama ni wengi: mama mkubwa, mama mdogo, na hata shangazi ana sehemu yake. Na kwenye jambo hili hasa, la mwili na tendo, jamii zetu nyingi zilimwondoa mzazi kwa makusudi. Pwani mwari alikuwa na somo wake, mwanamke wa kumfunda. Kwa Wazaramo na Wamakonde kulikuwa na kungwi na unyago. Wavulana walikuwa na jando. Bibi na babu walikuwa na utani na wajukuu, wakaweza kusema kwa kicheko yale ambayo baba akiyasema nyumba inanyamaza. Ukimya wa baba na mama juu ya ngono ulikuwa sehemu ya heshima, na heshima hiyo ilikuwa na mpango: mwingine alikuwa anasema. Miji, shule za bweni, uhamiaji na dini viliupunguza mpango huo. Ukimya ukabaki, msemaji akaondoka.

Bango linalomwambia mzazi azungumze na mwanawe linamtaka avae vazi la kungwi. Ni ombi zito. Nimeona wataalamu, wengine wakiwa Waswahili wenzetu waliosomea mbali, wakilichukua kama jambo dogo la kumpa mzazi taarifa na ujasiri. Mzazi si mwoga. Analinda mpaka aliorithi, na anayemwomba auvuke inampasa aonyeshe kwamba anaujua.

Nitakupa mfano mmoja kwa karibu. Kuna picha ninayoitumia darasani, ya mama na binti wa miaka kumi na mitatu hivi, wameketi kwenye mkeka, ungo wa mchele katikati. Mama kajifunga khanga, mikono iko kwenye mchele. Binti naye anachambua. Hakuna anayemtazama mwenzake; macho yote manne yako kwenye ungo. Maneno ya chini yanamsihi mzazi asisubiri mtoto akue ndipo amweleze habari za VVU. Mara ya kwanza wanafunzi huiona picha hii kuwa baridi. Wanasema hawa hawazungumzi. Nawaomba wakumbuke mara ya mwisho mama zao walipowaambia jambo zito. Ilikuwa uso kwa uso? Wanakaa kimya kidogo, kisha mmoja anasema: tulikuwa tunamenya viazi. Mwingine: alikuwa ananisuka. Ndivyo ilivyo. Anayesukwa yuko mbele, anayesuka yuko nyuma, hakuna anayemwona mwenzake usoni, na maneno yanapita juu ya kichwa bila kumwaibisha mtu. Mchoraji wa picha ile aliijua nyumba. Aliweka mchele ili macho yapate pa kukimbilia.

Linganisha na bango nililowahi kulishuhudia likijaribiwa kabla ya kuchapwa. Mama na binti walikuwa kwenye kochi, mama kamshika binti mabega, wanatazamana. Ilikuwa picha safi, ya studio. Wanawake walioitwa kwenye majadiliano ya kikundi waliulizwa wanaona nini. Karibu wote walisema mtoto kashakamatwa na kosa na sasa anahojiwa. Hakuna aliyeona upendo, ingawa upendo ndio uliokuwa umeandikwa kwenye maelezo ya mpiga picha. Hatua hii ya kujaribu ni ya lazima, na bajeti ikipungua ndiyo huwa ya kwanza kukatwa.

Tazama pia ni nani amewekwa kwenye picha. Familia ya bango mara nyingi ni baba, mama, mvulana mmoja na msichana mmoja, wote na viatu. Familia hiyo ni urithi wa mabango ya uzazi wa mpango, enzi za nembo ya Nyota ya Kijani. Nyumba nyingi hazifanani nayo. UKIMWI wenyewe uliwaacha watoto wengi wa Kagera na kwingineko mikononi mwa bibi zao. Nawe kumbuka nilivyosema: bibi ndiye mwenye ruhusa ya zamani ya kusema. Ajabu ni kwamba katika mabango mengi niliyoyatazama, bibi huchorwa wa kuhurumiwa, kashika tama, wajukuu wamemzunguka. Aliyekuwa na ulimi kapewa machozi. Kama kuna kitu kimoja ningependa kizazi chako cha watafiti kikibadilishe kwa kukaa na wachoraji, ni hicho.

Kutoka kwenye picha twende kwenye maneno, maana hapo ndipo Kiswahili kinatuhitaji zaidi. Utaitaje tendo lenyewe mbele ya mzazi na mtoto? "Ngono" ni neno la mtaala na la wizara. Likitamkwa sebuleni linakuwa zito. "Kujamiiana" ni la kitabuni. "Tendo la ndoa" ni la adabu, na kwa hiyo hupendwa na mabango, lakini fikiri: unamwonya mtoto ambaye hajaoa wala kuolewa juu ya tendo ambalo kwa jina lake linamhusu mwenye ndoa. Mtoto mwerevu atajiambia kwamba halimhusu. Kenya watoto husema "tabia mbaya", na hapo unapata shida ya upande wa pili, kwa sababu msichana aliyelazimishwa naye ataambiwa kafanya tabia mbaya. Nimewafundisha wanafunzi wangu kipimo kimoja: je, baba anaweza kulisoma bango hili kwa sauti mkwewe akiwa amekaa hapo? Kama hawezi, bango litabaki ukutani. Kama anaweza, lakini mtoto haelewi linazungumzia nini, nalo limekosa. Kati ya mipaka hiyo miwili ndipo kazi ya mwandishi wa bango ilipo, na ni kazi ngumu kuliko ya mwandishi wa makala kama hii.

Kwa hukumu yangu, waliovuka salama kuliko wote ni waandishi wa Fataki. Kampeni ilianza mwaka 2008, ikisikika zaidi redioni na kuonekana kwenye mabango, juu ya mwanamume mtu mzima mwenye pesa anayewarubuni wasichana wa shule. Katika vipande vile vya redio, mtu wa kawaida aliye karibu huingilia kati na mpango wa Fataki unaharibika. Fataki ni baruti ya kuchezea, hulipuka ikakuunguza vidole. Jina hilo likatoka redioni likaingia mitaani, hata leo ukimwita mtu fataki hakuna anayeuliza maana. Tazama lilichowafanyia wazazi. Baba aliyeshindwa miaka yote kumwambia binti yake lolote juu ya mwili sasa aliweza kusema wakati wa kula: jihadhari na mafataki. Hakutaja kiungo, hakutaja tendo, na binti alielewa kila kitu. Mama wa jirani naye aliweza kumkemea mwanamume mzima kwa neno moja. Kampeni iliipa lugha neno, na neno ni bango ambalo mvua haiwezi kulichana.

Haikuwa hivyo kila mahali. Kenya, mwaka 2013, tangazo la televisheni lililomwonyesha mwanamke mwenye mume na mpango wa kando, likihimiza kondomu, liliondolewa hewani baada ya viongozi wa dini kulalamika. Watu wengi husimulia kisa hiki kama ugomvi wa sayansi na dini. Mimi nakisoma kwa swali lile lile: tangazo linaingia sebuleni saa ambayo bibi, baba na watoto wamekaa pamoja, je, limempa nani kati yao njia ya kuendeleza mazungumzo? Ujumbe wake ulikuwa wa kweli. Wenye nyumba waliachwa bila pa kushikia.

Utaniuliza: tunajuaje kama bango limefanya kazi? Kwa bango peke yake ni vigumu mno kujua, na anayekuambia vinginevyo mwombe akuonyeshe alivyolitenga na redio, shule, msikiti, kanisa na msiba wa jirani. Jaribio zuri tulilo nalo ni la redio. Mchezo wa Twende na Wakati ulianza kurushwa na Radio Tanzania mwaka 1993, na kwa miaka miwili Dodoma iliachwa nje ili ilinganishwe na sehemu zilizousikia. Waliomsikia Mkwaju, dereva wa lori, na mkewe Tunu, walizungumza zaidi majumbani mwao kuhusu waliyoyasikia, na mazungumzo hayo yalikuwa sehemu ya njia ya kubadilika. Nyuma zaidi kuna Mtu ni Afya ya mwaka 1973, iliyowafikia watu wapatao milioni mbili. Kijiji kilikaa kwa vikundi, kikasikiliza redio, kikasoma kijitabu, kikajadiliana, kisha kikaenda kuchimba vyoo. Waliobuni mpango ule walijua kwamba maandishi hupata uhai yakizungukwa na watu wanaobishana. Tamthiliya ya Kilio Chetu nayo imelifikisha jambo hili hili darasani, ikiwaweka mzazi anayekubali kumweleza mwanawe na mzazi anayekataa mbele ya macho ya wanafunzi wa sekondari. Usilisome bango bila kuvisoma hivi.

Lipo jambo ambalo kwangu ni la moyoni. Mabango mengi ya kinga yanadhani kwamba ndani ya nyumba hakuna mwenye virusi. VVU viko nje, familia iko ndani, na mazungumzo ni ukuta. Lakini yupo msichana wa darasa la saba aliyezaliwa navyo, anayemeza dawa kila jioni, naye anasimama mbele ya bango lile lile. Dawa za kufubaza virusi zilianza kutolewa bure Tanzania mwaka 2004. Leo mtu anayezimeza vizuri mpaka virusi visionekane kwenye kipimo, na akadumu hivyo, hamwambukizi mwenzake kwa kujamiiana. Nimekuta, ndani ya jengo moja la afya, bango jipya linalosema hayo na bango lililopauka linalosema UKIMWI ni kifo, hatua chache kati yao. Mtoto yule asome lipi? Mzazi wake amsomee lipi? Bango la zamani lisilobanduliwa linaendelea kusema kila siku. Kubandua nako ni kazi ya afya.

Na mtoto wa leo anaweza kwenda peke yake. Mwaka 2019 sheria ya Tanzania ilirekebishwa, umri wa kupima VVU bila ridhaa ya mzazi ukashushwa kutoka miaka 18 hadi 15. Wapo wazazi walioliona badiliko hilo kama kuporwa mtoto. Mimi naliona kama swali jipya kwa wachoraji wetu: utamchoraje mzazi ambaye mwanawe amerudi kutoka kupima, naye anataka kusema, au hataki? Sijaona bado bango lililolijibu vizuri.

Takwimu nazo zina swali lao. Utafiti wa kitaifa wa 2003 na 2004 ulikuta maambukizi asilimia 7 kwa watu wa miaka 15 hadi 49. Ule wa 2022 na 2023 ulikuta asilimia 4.4 kwa wenye miaka 15 na kuendelea, wanawake 5.6, wanaume 3.0. Pengo hilo kati ya wanawake na wanaume liweke mezani kila unapolitazama bango lenye mama na binti peke yao. Baba na mtoto wa kiume wako wapi?

Kazi inayokusubiri ina haraka. Makusanyo makubwa ya mabango ya UKIMWI yako mbali nasi. Chuo Kikuu cha Rochester, Marekani, kina zaidi ya mabango 8,000 ya lugha nyingi, yaliyoanza kukusanywa na daktari mmoja, Edward Atwater. Wellcome Collection ya London ina maelfu yake. Nashukuru yapo. Lakini bango lililofika kwenye droo ya Rochester limeacha ukuta wake huku. Halituonyeshi kwamba lilibandikwa nyuma ya mlango wa dirisha la dawa ambako hakuna anayesimama, au kwamba mtu alilijibu kwa kalamu, au kwamba watoto walikuwa wamelibandua pembe kwa kuchezea. Na mengi ya mabango yetu yalichapwa kwa fedha za wafadhili, hasa wa Marekani. Nembo zao zimejaa chini ya karatasi. Shirika lao la misaada la USAID lilifungwa mwaka 2025. Miradi inapofungwa ofisi husafishwa, na maboksi ya mabango yasiyobandikwa huenda jalalani au kwa wauza maandazi.

Kwa hiyo nakuomba uanze leo, kabla hujasoma kitabu chochote. Ukikutana na bango, piga picha mbili: moja ya bango lenyewe, ya pili kutoka mbali kidogo ili ukuta wote uonekane. Andika tarehe, mahali, lugha, na kimo cha bango kutoka sakafuni, maana lililo juu ya macho ya mtoto halikuwekwa kwa ajili yake. Andika ni benchi gani linalitazama, na foleni ile inasubiri huduma gani. Omba ruhusa kwa msimamizi wa kituo kwanza. Kisha kaa. Ukimwona mama na mwanawe wakilitazama, sikiliza kama wanasemezana, na kama wanakubali kuzungumza nawe, waulize wanaona nini. Usiandike majina yao, na subiri benchi liwe tupu ndipo upige picha.